Mvua ya Mawe Iliishia Mpakani, Baba Anataka Nishukuru

Mama Julieth mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie na jina langu usilitaje, sema tu msichana wa Ulyankulu wa kidato cha tatu, maana hapa watu wanajuana. Mimi si muongeaji, hata darasani mwalimu akiniuliza jibu ninalolijua natazama chini, ila kuandika naweza kidogo.

Nyumbani tunalima tumbaku na tumepakana na shamba la kina rafiki yangu, nitamwita Godeliva ingawa si jina lake, katikati kuna njia tu ya baiskeli. Mwezi uliopita ilikuja mvua ya mawe, mimi na mama tukakimbilia ndani ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku, na bati likawa linapigwa hadi hatusikilizani. Ilipoisha tukatoka tukakuta shamba letu limelowa tu, na ng'ambo ya njia tumbaku ya kina Godeliva imechanika yote, majani yamelala chini kama matambara, na mama yake amesimama katikati ya matuta, kanga imelowa.

Baba alifurahi na simlaumu, ile tumbaku ndiyo chakula chetu na ndiyo shule yangu. Lakini akaenda kwa katekista akaomba Jumapili ya mwisho wa mwezi familia yetu itoe shukrani mbele ya kanisa, na kwa kuwa Kiswahili chake kinaingiliana na Kirundi akasema nitasema mimi niliyesoma. Maneno amenipa mwenyewe: "Mawe yalifika mpakani kwetu yakasimama, kwa sababu nyumba hii inasali." Nikamuuliza kwa sauti ndogo, na kina Godeliva je, hawasali? Akanijibu bila ukali, "Mwanangu, mimi nimesema ya kwetu. Ya kwao Mungu anajua."

Mama Julieth, wanasali. Mama yake ndiye anayefua vitambaa vya altare, na mwaka jana mama yangu alipolazwa ndiye aliyetupikia mpaka akarudi. Godeliva yuko kwaya, anakaa upande ule ule nitakaosimama mimi, atanitazama. Na kwenye jumuiya wapo wanaonong'ona kwamba lazima iko sababu, na bombani kijana mmoja alimuuliza mbele yangu kama siku ile walisahau rozari. Godeliva alicheka, akajitwisha ndoo yake akaondoka. Mimi sikusema kitu.

Na bado sijasema lenyewe. Kule ndani ya bani, mawe yalivyozidi, niliomba. Sikuomba yaache. Nilisema moyoni, Mungu yapeleke kwingine. Na kwingine ni wapi, Mama, upande ule hakuna shamba jingine, ni la kwao tu. Sasa kama Mungu alinisikia basi amewapiga wao kwa ajili yangu, na kama hakunisikia basi shukrani ya nini, na kama ni mwema na anaweza yote, si angeyayeyusha huko huko juu yakashuka maji ya kawaida? Tangu siku ile nampita Godeliva kwa njia nyingine, na nikipiga magoti kusali maneno hayatoki. Nikikataa kusema kanisani nitamwaibisha baba. Nikisema nitampoteza rafiki yangu, na labda Mungu pia. Nifanye nini?

*

Binti wa Ulyankulu, marahaba. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu Jumapili haisubiri.

Nianze na hilo la bani. Uliogopa, bati linalia juu ya kichwa chako, ukaomba anavyoomba mtu aliyeogopa. Hukurusha jiwe hata moja. Tena nikugombeze kidogo: wewe usiyeweza kumjibu mwalimu darasani, leo umejipa ukubwa wa kuiongoza mvua? Wala hukuwa peke yako uliyeomba saa ile. Muulize Godeliva yeye alisema nini chini ya bati lao.

Kwa nini Mungu hakuyayeyusha, mwanangu, sijui. Nimezika mtoto, swali hilo nimeliuliza miaka, na walioniletea majibu msibani niliwaomba wakae tu wanywe chai. Ninachojua ni kidogo. Yesu aliwataja watu walioangukiwa na mnara wakafa, akasema hawakuwa na dhambi kuliko wengine. Basi wanaonong'ona jumuiyani wanasema wasichotumwa. Na yeye mwenyewe pale msalabani aliuliza mbona ameachwa, kwa hiyo swali lako lipeleke kwake kama lilivyo, usilipambe.

Ila hapa sikubembelezi. Tangu mawe yaanguke umemkwepa rafiki yako, na bombani ulinyamaza. Mama yule aliwapikia wakati mgonjwa wenu yuko wodini, nyinyi mmewapikia nini? Unahangaika kujua Mungu yuko upande gani wa njia, na wewe mwenyewe hujaivuka.

Fanya hivi. Jumamosi asubuhi nenda kwa kina Godeliva na panga. Tumbaku iliyopigwa mapema hukatwa mashina ikachipua tena. Haitakuwa kama ya kwanza, lakini itakuwa tumbaku, baba yako anajua hilo kuliko mimi. Mwambie Godeliva ulichoomba mkiwa mnakata, maana mikono ikiwa na kazi hata asiye muongeaji huongea. Akikasirika mwache akasirike, wewe endelea kukata.

Baba usimkatalie mbele ya watu. Anza na mama yako, hawezi kumsahau aliyewalisha watoto wake, naye atakusindikiza kwa baba. Mwambieni shukrani itolewe, na maneno yake ya mwanzo yabaki: mawe yalifika mpakani yakasimama. Hiyo "kwa sababu" iondoke, kwa sababu hakuna anayeijua. Mahali pake mseme, "Na wiki hii tuko shambani kwa jirani zetu, anayeweza aje na panga." Akikataa, aseme mwenyewe kwa Kiswahili chake chenye Kirundi, Mungu anakielewa, na wewe ukakae karibu na Godeliva.

Na Jumamosi vaa viatu vya kufunika. Mashina ya tumbaku yakishakatwa yanachoma miguu.