Chumvi ya Ng'ombe wa Mina

Edmonton, London

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na mvua, zimewafikia huko Singida? Mimi mzima kabisa, na leo nina furaha mpaka nimeunguza wali.

Unamkumbuka Mina, ninayepanga naye nyumba na kutunza naye wazee? Ni Mhrusso, watu wa milima ya kaskazini-mashariki mwa India, nyumba zao zimeinuliwa juu ya nguzo. Alichumbiwa na Kirit wa Wembley, Mhindi mzaliwa wa Tanga. Kwa kuwa ndugu zake Mina wako mbali, nikafanywa shangazi. Kichwa kikavimba!

Tukampigia baba yake kwa video. Mahari alitaka mithuni mmoja, yule ng'ombe wao mkubwa mweusi anayeachwa huru msituni, huja akiitwa, na kwa desturi huchinjwa harusini. Mimi shangazi mjuaji nikadakia, "Baba, si walete pesa tu? Hata kwetu siku hizi ni hivyo." Mina akatafsiri. Mzee akauliza, "Pesa nikiiita, itakuja?"

Mama Kirit, tuliyekaa naye hapo na ambaye hata yai hali, akaweka kikombe chini. "Shangazi, nisikilize. Mnyama akichinjwa kwa ajili ya mwanangu, mie harusini siji."

Mina alilia sana, Mama. Hakutaka kuolewa bila mama mkwe wake kuwepo. Nami nikalia naye.

Kesho yake nikampigia mzee tena, Mina akitafsiri, nikamwomba radhi. Nikamsimulia habari za Mapendo, ng'ombe wako asiyeuzwa wala kuchinjwa. Mzee akacheka! Akasema basi, na huyu atatiwa alama sikioni arudishwe msituni, azeekee huko, awe anakuja nyumbani kulamba chumvi tu.

Harusi tumeifanya Jumamosi, na Mama Kirit akaja. Mina alivaa nguo nyekundu na mapambo ya fedha kifua kizima. Sisi wanawake wa upande wake alituchora mstari mweusi kutoka kwenye paji la uso hadi kidevuni. Wangu umegoma kutoka, na bibi ninayemwogesha kazini anataka naye achorwe.

Jana Mina na Kirit wakifunga mizigo kwenda kumsalimia mzee, Mama Kirit alikuja na pakiti ya chumvi. Akamkabidhi Mina: "Mpelekee ng'ombe wetu."

Wetu, Mama!

Nisalimie dada na wanawe, na mjomba wa mashineni. Na Mapendo mpe chumvi kiganja kizima, mwambie ameokoa harusi London.

Mwanao akupendaye,
Neema