Harusi Siku ya Kupatwa kwa Jua

Jumapili, 10 Juni 1973

Leo tumetangazwa kanisani mara ya kwanza. Dedan Ndungu na Selpher Ayuma, Jumamosi tarehe thelathini, saa nane mchana, mwenye pingamizi aseme. Hakuna aliyesema. Nilikuwa nimeshikilia kitabu cha nyimbo kama mtu anayeogopa kuibiwa.

Baadaye tulikwenda kwa mama yake Dedan, huku Dagoretti, kunywa chai. Mama Virginia akaniuliza, kwa mzaha tu, kama siku hiyo kutanyesha. Kwa sababu mimi kazi yangu ni hali ya hewa. Na mimi — huu mdomo wangu! — nikajibu kama niko kazini. Mvua hapana, baridi ndiyo, mawingu labda. Halafu nikaongeza kwamba jua litapatwa. Mwezi utalifunika sehemu kubwa, litakuwa dogo kabisa saa kumi na kitu. Tulipata barua ya habari hiyo ofisini wiki jana, tarehe ya harusi ikiwa imeshapangwa.

Mama aliweka kikombe chini. Hakukishika tena mpaka tukaondoka.

Jumatano, 13 Juni

Kituoni, Ngong Road. Baridi ya kukata masikio. Nilisoma vipimajoto, nikabadilisha kadi ya lile tufe la kioo — jua likiwaka linaichoma kadi mstari, likijificha mstari unakatika. Bwana Ogutu, mkubwa wangu, anapanga siku ya tukio: kusoma joto kila dakika tano, mchana wote. Alitaka mimi niandike, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Nikamwambia siku hiyo naolewa. Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikaona wivu. Wivu wa kipimajoto!

Jioni Dedan akaningoja langoni, uso umemshuka. Mama yake amepeleka habari kwa Mzee Zedekiah, mkuu wa wazee wa kanisa. Mzee hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza nilijuaje.

Na hapo ndipo wamekumbuka maneno ya kaka yangu Shem. Siku ya mazungumzo ya mahari, akiwa ameshiba, aliwachekesha watu: eti babu yetu kule Bunyore alikuwa mleta mvua, na Selpher amerithi kazi, tofauti ni kwamba analipwa na serikali. Walicheka wote siku ile, Mama Virginia zaidi. Ulimi uliponza kichwa — wa Shem kwanza, halafu wangu.

Alhamisi, 14 Juni

Situlii. Namfikiria Baba.

Wamisheni walimwambia hawezi kubatizwa na vyungu vya mvua vya babu vikiwa nyumbani. Akavivunja mwenyewe, mbele ya babu. Babu hakusema naye miaka miwili. Lakini misheni hiyohiyo ilikuwa na mkebe wa kupimia mvua nyuma ya kanisa, na mchungaji mzungu akamfundisha Baba kuusoma na kuandika kila asubuhi baada ya sala. Alikuwa akinishika mkono, tunakwenda pamoja. Kazi yangu nimeipata pale, nyuma ya kanisa! Nani atamweleza Mzee Zedekiah hayo?

Jumapili, 17 Juni

Tumetangazwa mara ya pili. Baada ya ibada nikaitwa chumba cha wazee.

Si watu wabaya. Mzee Zedekiah alikesha na baba yake Dedan hospitalini wiki nzima kabla hajafa, na Dedan hawezi kusahau hilo. Mimi pia siwezi kulisahau, ndiyo maana inaniuma. Akaniambia taratibu, "Binti, mambo ya huko juu ni ya Mungu peke yake. Mtu akijua saa ya jua kuingia giza, hiyo ameambiwa na nani?"

Nikasema hesabu. Akasema hata waganga wana hesabu zao.

Nikamuuliza: Pasaka mwaka huu mlijuaje ni tarehe gani?

"Hiyo iko kwa kalenda."

Na kalenda ilijuaje? Pasaka inafuata mwezi, Mzee. Watu wa kanisa ndio waliokaa miaka mingi wakihesabu mwezi na jua ili wasikosee. Dedan akanikanyaga mguu chini ya meza.

Masharti yao: Jumapili ijayo, kabla ya tangazo la tatu, nisimame mbele ya watu wote niseme kwamba sijui. Kwamba niliyoyasema nyumbani kwa Mama Virginia nilisema ovyo, na siku na saa anazijua Mungu. Nikikataa hawatatangaza. Na bila tangazo la tatu hakuna harusi.

Jumanne, 19 Juni

Nimesoma kipimajoto saa tatu, nikafika mezani nimesahau. Nikarudi. Nikasahau tena. Bwana Ogutu ameniona, akaenda kukisoma mwenyewe.

Ijumaa, 22 Juni

Dedan amenipeleka mjini, hoteli moja ya Government Road, sambusa na chai. Alikuwa amejitayarisha, nilimjua tu. Yeye ni mwalimu wa historia. Akiwa na shida anakimbilia karne nyingine.

Akanisimulia habari za Galileo, yule Mwitaliano. Kwamba alipigishwa magoti na wakubwa wa dini, akaambiwa aseme dunia haizunguki. Na akasema. Mzee wa miaka karibu sabini, akili kuliko wote pale ndani, akasema. Akarudi nyumbani, akaendelea kuandika.

Nikamuuliza, "Hao waliompigisha magoti, kuna aliyekuwa mchumba wake?"

Akakoroga chai yake. Halafu akasema, "Selpher, kwani utakufa? Ni kusema tu. Mama hataingia kanisani kama hukusema. Mimi siwezi kuoa kama mama yangu amekaa nyumbani analia."

Wewe unaamini najua? — nilimuuliza hivyo. Akasema bila shaka. Basi simama wewe useme, nikamwambia. Akaangalia sambusa yake.

Nampenda. Naandika hapa nilione neno lenyewe. Nampenda na nina hasira naye, vyote viwili.

Jumapili, 24 Juni

Nimesema.

Nilisimama, nikasema sijui. Sauti ilitoka vizuri kabisa, hata nikajishangaa. Wakapiga makofi, wakaimba. Mama Virginia akanikumbatia, analia. Tumetangazwa mara ya tatu.

Nimefua nguo zote, hata zilizokuwa safi.

Alhamisi, 28 Juni

Redio imetangaza sasa, taarifa ya saa saba: jua, Jumamosi, msiliangalie kwa macho matupu. Nairobi nzima inajua. Redio ikisema ni habari, nikisema mimi ni urithi wa babu!

Mawingu mazito tangu Jumatatu. Mawingu yakibaki, watasema ni maombi yao. Yakifunguka, watanitazama. Na mimi, mtabiri wa serikali, naomba nini? Nimejaribu kuomba mara mbili, kila mara nikaishia kuhesabu.

Jumamosi, 30 Juni

Nimeolewa. Saa nane na nusu. Pete inabana kidogo.

Niko chumbani kwa Mama Virginia, nimetumwa kubadilisha nguo na kuvaa viatu vya kuzungukia wageni. Daftari lilikuwa ndani ya mfuko wangu. Mawingu yamefunguka wakati wa wali. Mwanga umebadilika, umekuwa mwembamba, wa ajabu, na baridi imeingia ghafla. Ningekuwa kituoni ningekuwa nimeandika nyuzi ngapi za joto. Kuku wa Mama wamekwenda kulala. Waimbaji waliendelea kidogo, sasa nao wamenyamaza. Kuna mtoto analia, na kuna mama anaomba kwa sauti, kwa Kikuyu.

Mlango umegongwa. Mama Virginia: "Selpher? Hii ndiyo ile?" Nikainama kuvaa viatu.

Umegongwa tena. Si Mama. Ni Mzee Zedekiah, sauti imepungua. "Binti, watu wananiuliza mimi. Wanataka kwenda nyumbani. Hii kitu itaisha saa ngapi?"

Dakika ninazo. Ninazo tangu mwanzo wa mwezi huu. Nami nilisimama mbele yake, mbele ya wote hawa, nikasema sijui.

Namsikia Dedan nyuma yake, sauti kubwa, uwanja mzima unasikia: "Anajua, Mzee. Ngoja avae viatu."

Viatu nimeshavaa. Nimekaa tu kitandani, naangalia mlango.