Wali Uliotoka Mzima

Jumapili, 3 Machi 2019
Kwa heshima na taadhima, mbele ya paka na kuku mmoja mgonjwa, natangaza kwamba kijani kimeonekana ndani ya kopo la aiskrimu. Mbegu za chungu cha kima, mmea ule wenye vyungu vinavyonasa wadudu, zimeota! Nyembamba kama kope – na zimeota. Shemeji Mijot kachungulia, kasema hiyo ni kuvu. Kuvu haina majani, shemeji.

Jumanne, 13 Agosti 2019
Wamelipua tena kilima, wanataka mawe. Pale nilipochuma mbegu sasa ni hewa. Aina ile, yenye midomo ya mistari, imebaki kwetu wawili tu: mmea ambao Mijot aliung'oa huko juu zamani, na miche yangu. Wa Mijot ni dume, kila mwaka maua yake yanamwaga unga wa njano. Miche yangu imekufa yote, kasoro mmoja. Huo naupa maji ya mvua tu. Ya bomba yanaua.

Alhamisi, 9 Septemba 2021
Chungu cha kwanza, saizi ya kidole gumba. Tayari kimekula – chungu, yule mdudu, kazama ndani ya chungu. Aliingia kunywa, hakutoka. "Kama wewe kwenye pombe ya mchele, shemeji," kasema Mijot. Glasi alikuwa ameishika yeye.

Jumatatu, 12 Mei 2025
Kikonyo cha maua kimechomoza. Miaka yote hii! Sasa swali ni moja: jike au dume? Likiwa dume, hakuna mbegu, na ukoo mzima utaishia kwenye baraza yangu. Mijot anasema dume, maana limekaa miaka bila kufanya kazi. Mama mkwe ana kipimo chake: wali wa kunata ukipikwa ndani ya chungu cha jike hutoka mzima. Cha dume huung'ang'ania. Kafundishwa na mama yake. Vitabu nilivyojisomea havisemi lolote kuhusu wali. Lakini pia havikanushi.

Jumapili, 1 Juni 2025
Gawai, sikukuu ya mavuno. Nyumba imejaa ndugu. Nilikata chungu kikubwa kuliko vyote, mama mkwe akatia mchele na tui, kikaenda kwenye mvuke. Nikakipasua mbele ya wote. Wali ukateleza, mzima, na umbo lake la chungu.
"Jike," akasema mama mkwe.
Nilijua. Nikamwambia Mijot alete ua la dume lake siku langu litakapofunguka, ila asije mikono mitupu, binti yangu hatoki bure. Akauliza kama nitakubali jogoo.

Jumatano, 4 Juni 2025
Nimefagia baraza. Nimemwambia mama mkwe mche wa kwanza utabeba jina lake. Kasema nikikipa jina lake kitu kinachokula nzi, atanitwanga kwa ufagio. Amefurahi, naona.

Jumamosi, 7 Juni 2025
Maua ya chini kwenye kikonyo yamefunguka asubuhi hii. Mama mkwe anachambua mboga, analalamika: nazi za mwaka huu zina mafuta mno, tui zito, siku ya Gawai hata sufuria haikushika wali.
Sufuria?
Mijot yuko kwenye ngazi, jogoo kwapani, ua ndani ya glasi. "Baba mkwe! Bibi harusi kashavaa?"
Nimegusa ua langu. Kidole kina unga wa njano.