Nikinunua Kisu cha Bucha, Atakuja Tena?

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba unisaidie maana situlii, nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kukaa. Nina mgahawa hapa Mikumi kando ya barabara kuu, napikia madereva wa malori, na mume wangu Optatus ana bucha, ila wakati wa masika tuligombana akahamia kwa kaka yake, na kwa kuwa kisu changu cha jikoni kinaminya hata nyanya, kila asubuhi Optatus huniletea mguu wa ng'ombe na kisu chake, anatoa mifupa, anakata vipande, anamuulizia mtoto wetu Irine, anaosha kisu chake na kuondoka nacho. Juzi akaniambia, "Mama Irine, si ununue kisu chako cha bucha, ujitegemee?" Tangu hapo nashinda dukani Kilosa, hiki nasema kizito, kile kinateleza, kingine eti rangi ya mpini siipendi, narudi mikono mitupu, kwa sababu nikiwa na kisu hatakuwa na cha kumleta, na nisipokuwa nacho labda ananiona mzigo. Ninunue kipi, au nisinunue?

Hildegarda, Mikumi

Marahaba, Hildegarda. Pole, lakini mwache mwenye duka apumue, rangi ya mpini haikati nyama. Cha kutolea mifupa kiwe chembamba na kifupi, cha kukatia vipande kiwe kipana. Paka mkono mafuta ukishike, kikizunguka kiganjani kirudishe. Haya ndiyo ya kisu, na wewe hukuniandikia kwa ajili ya kisu.

Mtu wa bucha ana visu vingi na ana cha kunolea. Angekuwa amekuchoka, angekuachia kimoja mezani, au angekunolea hicho butu chako huku supu ikichemka. Hajafanya hivyo hata siku moja. Anakiosha, anakibeba, ili kesho umhitaji tena. Alipokuambia ununue alikuwa anakupima, na wewe ukakimbilia dukani. Mnanichosha, nyote wawili.

Kesho akimaliza kukata, mwambie unataka mwende Kilosa akakuchagulie yeye. Nunueni kizuri. Asubuhi inayofuata tuma mtu akachukue mguu buchani, toa mifupa mwenyewe, kata vipande, bandika supu, usimwite. Asipokuja, utalia, lakini utakuwa umejua, na kazi yako haitasimama. Akija, na nyama imeshakatwa yote, usimuulize amefuata nini. Mvutie kiti, mmiminie supu.