Mguu Uliokosa Jiwe

Mdogo wangu mpendwa,

Kosa la wengi kwenye mlima usio na njia ni kudhani kwamba kazi ni kupanda. Unapopanda, macho yako karibu na mikono. Unaposhuka miguu ndiyo hutangulia, na hapo ndipo watu hukwama. Hapo ndipo tulipokwama Jumamosi mimi na mume wako. Lakini nisikurukie na habari kabla ya salamu. Natumai wewe na watoto hamjambo, na kile kikohozi kimekuacha. Mimi mzima, ila magoti yamenuna.

Shemeji atakuwa amekwambia tu kwamba tulichelewa. Tulianza alfajiri, tukapita vichaka, kisha mawe matupu. Alinifuata kwa karibu mno. Nilipotoa mguu, yeye aliweka wake. Nilipomtania kwamba ananibana kama basi kwenye foleni, akajibu, "Mwalimu, wewe fundisha, mimi nanakili." Tulicheka mpaka kileleni.

Wakati wa kushuka nilimtanguliza, kwa kuwa mwenye nguvu hukaa chini amzuie mwenzake akiteleza. Tuliteremka kwenye ufa mwembamba, tukatua juu ya ukingo wa mwamba wenye upana wa benchi la darasani. Chini yake palikuwa na jiwe jeupe la kukanyaga, wazi kabisa. Nikamwelekeza: kushoto, chini kidogo. Mguu ukapapasa hewa. Nikarudia, ukapapasa hewa tena. Kurudi juu hatukuweza, ufa ulikuwa umesimama wima na unateleza. Jua likatuhama, baridi ikaingia, nasi tumebanwa pale, migongo ukutani, kila mmoja akisikia pumzi za mwenzake. Nilidhani ni woga, nikaanza kumweleza woga ni kitu gani. Unanijua.

Akanikatiza kwa sauti ndogo. "Shemeji, acha kunifariji. Hilo jiwe silioni. Naona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba."

Ameficha tangu mwaka jana. Anaogopa kwamba akisema atanyang'anywa basi la shule, na kazi nyingine haijui. Kila asubuhi hugeuza shingo nzima atafute watoto wanaovuka, akiomba asikose kumwona hata mmoja. Alisema pale mwambani hapakumtisha kama kiti chake cha udereva.

Nilimpita taratibu, nikashuka kwanza, nikamshika kifundo cha mguu na kuuweka mguu wake juu ya jiwe kwa mkono wangu. Tukaenda hivyo hivyo mpaka kwenye nyasi. Huko akanisihi nisikwambie. Nikamjibu kwamba nitakuandikia, na kwamba yeye atasikia kwanza. Nimemsomea barua hii kwa simu. Akasema tu nikusalimie.

Mimi si daktari, lakini nashuku presha ya macho. Haiumi, ndiyo maana hudanganya. Huanza kula pembeni. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki hulindwa kwa dawa, mradi mtu awahi kwa daktari. Usimgombeze. Amejigombeza vya kutosha.

Wabusu wanangu wote, na mkubwa mwambie mjomba anamkumbuka. Mwenyewe nakuombea moyo mtulivu. Basi, ukiiweka barua hii chini, leo hii, chukua funguo za basi chini ya mto wake, alikoniambia huziweka, ukae nazo wewe.

Kaka yako