Mshale wa Kaskazini Nilioupindua

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Natumaini mguu umepata nafuu na wanao hawajambo. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Mwezi wa pili kaka yetu alikuja ofisini ninapochora ramani, mkononi ana ramani kuukuu ya kiwanja cha baba, pembe iliyokuwa na mshale wa kaskazini imeliwa na mchwa. Akaniomba niichore upya na kuitia mshale huo, ili baraza la ardhi ligawe kama wosia ulivyosema: kaskazini ya kisima kwako, kusini kwake. Baba alikinunua kiwanja hicho nikiwa nimeshahamia huku, sijawahi kukanyaga, basi nikamuuliza kaskazini ni wapi. Akasema alisimama kisimani na dira mkononi, ni upande wa barabara. Akaniagizia chai, akaniita injinia. Nikachora, nikagonga muhuri.

Baraza lilipoamua nyumba unayokaa iko kusini na uhame, ulinipigia simu ukilia. Ukasema jua la asubuhi linaingia dirisha la jikoni, iweje ramani iliweke magharibi? Nikakujibu kwa kiburi kwamba ramani haina ndugu.

Jumatatu, nikitafuta faili jingine, nikaikuta kabatini nakala ya ramani hiyo ya mpimaji wa kwanza, nzima. Mshale wake umeipa barabara mgongo. Nilimpigia kaka. Hakukana, dada. Alicheka. “Mshale tu huo, mdogo wangu. Nani huutazama?” Kaka aliyenibeba mabegani! Nikakata simu.

Sasa lililo langu. Chini ya ramani niliyoichora pameandikwa “Nimepima mwenyewe,” na sahihi ni yangu. Sikupima. Na siku ile ulipolia, shaka iliniingia. Nikanyamaza kwa kuhofia kibarua changu. Kaka alinidanganya asubuhi moja. Mimi nimekudanganya miezi mitatu.

Leo nimemweleza mkuu wangu yote kwa maandishi. Nimesimamishwa kazi. Amri ya kukuhamisha nayo imesimamishwa. Nakala ya barua ya kuisimamisha imo humu bahashani. Wapimaji wengine watafika Alhamisi. Usifungashe hata kijiko.

Wasalimie wanao. Nilichokifanya usiwaambie bado; nitakuja kuwaambia mwenyewe, ukinifungulia mlango.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba