Kiti 27C na Jina la Ukoo

Jumatatu, 8 Septemba

Zamu ya asubuhi. Chai ya Neema, mwenzangu wa zamu, imepoa, yangu imemwagikia kibodi. Kabla ya saa tatu nimeshawajibu abiria tisa walioko angani. Saba kati yao wamekwama pale pale. Jina la ukoo.

Ukurasa wa intaneti ya ndegeni unauliza vitu viwili tu: namba ya kiti na jina la ukoo. Mfumo wenyewe unataka jina la mwisho lililo kwenye tiketi, basi. Lakini ukimuuliza mtu wa kwetu ukoo, atakutajia ukoo. Mmoja leo kaandika “Mchaga”. Mama wa kiti cha 14 kaandika ukoo wa babu yake mzaa baba, pamoja na maelezo ya walikohamia. Mzee mwingine kaingia kwenye dirisha la msaada kuuliza ndege inataka ukoo wake wa nini, kuna jambo gani huko mbele. Ningekuwa mimi ningeogopa pia.

Nilipoutafsiri ukurasa kwa Kiswahili, mimi niliandika “jina la mwisho kwenye tiketi”. Bosi, Bwana Materu, akafuta. Anasema “jina la ukoo” ndicho Kiswahili cha fomu. Nimechoka na Kiswahili cha fomu.

Jumatano, 10 Septemba

Barua pepe ya tatu kwa bosi kuhusu neno lile. Amejibu kwa kidole gumba.

Abiria watano. Mmoja alitaka kupiga simu. Nikamwandikia yale yale: kupiga simu ndani ya ndege hakuruhusiwi na shirika, kifurushi cha bure ni cha meseji za maandishi tu, picha na sauti za kurekodi zinapita kwenye kifurushi kikubwa, cha kulipia. Akaniuliza sasa hiyo ni intaneti gani. Nimemtakia safari njema.

Jirani yangu hapa mtaa wa Pangani anaamini naongea na marubani. Jioni kaniomba niwaulize kama huko juu kuna dalili ya mvua, mihogo yake inakauka. Nimemweleza mara nne kwamba nakaa kwenye chumba cha juu ya duka la mabati Maili Moja, najibu meseji. Kaitikia kwa adabu. Hajaniamini.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku nane zimebaki niolewe. Nina miaka thelathini na nne. Shangazi amekumbusha umri wangu kwenye kundi la familia, kama vile kuna aliyesahau.

Ndoa itafungwa Msimbu, kwa mama, baada ya adhuhuri. Baba hayupo duniani, kwa hiyo walii wangu, wa kuniozesha, ni kaka Shabani. Yuko Maskati, anafanya kazi kwenye ghala la tende. Mkataba umeisha na anarudi moja kwa moja. Tiketi yake ni ya Alhamisi, atafika Ijumaa alfajiri. Nafasi tele.

Nafasi naihitaji. Shabani asipokuwepo wala asipompa shehe uwakala wa kuniozesha, anayefuata ni Baba Mdogo. Na Baba Mdogo hampendi Rashidi. Rashidi ni mwalimu wa Mlandizi, kwao Singida, na kosa lake ni hilo tu, Singida.

Jumapili, 14 Septemba

Nilikwenda Msimbu. Magari mawili na bodaboda, vumbi mpaka kwenye meno.

Baba Mdogo alikuwepo, ameshakalia kiti kizuri. Kasema mbele ya mama na wakwe zake wawili: akiwa yeye ndiye walii, hatatamka neno lolote mpaka niache kazi. Mwanamke gani anaolewa huku anaandikiana na wanaume walioko angani.

Nilitoka nje kwa hasira. Miaka sita nimejilipia kodi, nimemjengea mama choo na jiko kwa meseji hizo. Siachi. Nikiacha kazi ili niolewe, nitamchukia Rashidi kwa kosa ambalo si lake. Najijua.

Jumanne, 16 Septemba

Kikao. Nimeleta orodha ya abiria wa wiki nzima waliokwama kwenye ukoo. Bosi kasema watu wajifunze Kiswahili sanifu. Kasema neno litaangaliwa kwenye toleo jipya la ukurasa, mwakani, Mungu akipenda. Mungu kaingizwa kwenye jambo la maneno mawili.

Halafu akahamia kwenye vocha ya pole. Hiyo ni fidia: abiria akihangaika zaidi ya nusu saa kwa kosa letu, anafunguliwa kifurushi kikubwa bure. Kuanzia sasa kila vocha ya pole lazima iidhinishwe na yeye mwenyewe, na sababu iandikwe. Anasema tunagawa pole kiholela.

Likizo yangu inaanza kesho. Nimemkabidhi Neema meza, kibodi chenye chai na orodha.

Alhamisi, 18 Septemba

Msimbu. Nimesuguliwa singo ya bibi harusi na shangazi mpaka nikaomba msamaha. Nyumba imejaa. Kila mwanamke anayeingia ananiuliza kama nimekula, halafu ananiambia nisile.

Shabani kaandika jioni: ndege imesogezwa mbele. Hajui mpaka saa ngapi.

Ijumaa, 19 Septemba

Hajafika. Wamelazwa hoteli. Laini yake ya kule ameshaifunga kwa sababu alikuwa anahama, kwa hiyo anaazima simu za watu, meseji moja moja. Anasema wataondoka leo jioni. Baadaye anasema kesho asubuhi.

Nikamwomba aandike meseji ya uwakala kwa shehe, tuwe salama. Akaandika, nzuri kabisa. Nikampelekea shehe. Shehe, mtu mpole, kaisoma mara mbili na kunirudishia simu. Imetoka kwenye namba ya Mhindi asiyemjua. Maandishi yanaweza kuandikwa na yeyote, kasema, hata na bibi harusi. Anataka sauti ya walii na watu wawili wanaoijua.

Nilipompigia yule Mhindi ili Shabani arekodi sauti, alikuwa ameshaondoka zake.

Baba Mdogo kavaa kanzu mpya leo. Leo, si kesho. Anaijaribu.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandika usiku. Hina imeanza kupauka kwenye kidole cha kalamu.

Saa tano asubuhi meseji kutoka namba nyingine: “Tunapanda sasa. Shehe anisubiri.” Nikaipigia, imeshazimwa. Kutua saa kumi na moja. Ndoa saa nane. Shehe ana ndoa nyingine alasiri, Kisarawe mjini. Pilau imeiva, wageni wamekaa. Baba Mdogo kasogeza kiti karibu na mkeka.

Nikapiga hesabu ya kijinga: kaka yangu yuko ndani ya ndege yenye intaneti yetu, na mimi ndiye mtu anayewaandikia abiria kwamba kupiga simu hakuruhusiwi. Nilicheka. Shangazi akadhani nimepandisha mashetani.

Saa saba na robo Neema akapiga. Nikaingia stoo, kwenye masufuria ya kukodi.

Abiria wa kiti 27C alikuwa kwenye dirisha la msaada, ambalo linafunguka hata kabla mtu hajaingia kwenye intaneti. Dakika arobaini anagombana na ukurasa. Kaandika: mimi ni walii, dada yangu anaolewa sasa hivi, mashine yenu inanikataa. Neema akaangalia alichojaza. Namba ya kiti, sawa. Jina la ukoo: Mwinyigoha.

Sisi ni Kondo kwenye vyeti vyote. Mwinyigoha ni ukoo. Ukoo kweli, ule wa kutajwa msibani. Kaka yangu mwenyewe, damu yangu, kaandika ukoo.

Neema akamwambia aandike Kondo. Akaingia. Ila kwa meseji za maandishi tu, na shehe anataka sauti. Kadi ya benki ya Shabani ni ya kule, imeshafungwa na mwajiri. Ikabaki vocha ya pole. Alikuwa na haki nayo, nusu saa ilishapita na kosa ni letu. Neema akajaza ombi. Kwenye sababu akaandika: neno “ukoo”.

Bwana Materu hakuidhinisha. Hakukataa pia. Ombi likabaki pale pale, na mimi nikakaa na masufuria. Saa nane kasoro kumi nikampigia mwenyewe. Sikumbuki nilivyomsalimia. Nilimwambia ni kaka yangu, ni ndoa yangu, na hiki ninachokiomba si upendeleo, ni utaratibu wake mwenyewe wa Jumanne. Akauliza kama kweli naolewa bila kumwalika. Nikasema kadi yake iko mezani kwake tangu mwezi uliopita, chini ya kikombe.

Akaidhinisha. Neema kanitumia picha ya kioo cha kompyuta. Bosi kafuta sababu na kuweka yake: hali ya hewa.

Saa nane na dakika sita sauti ikaingia kwenye simu yangu. Nikamkabidhi mama, mama akaipeleka kwa wanaume. Mimi nilisikia kupitia ukutani. Kwanza mngurumo mtupu wa ndege. Kisha Shabani, anapaza sauti kama yuko shambani, na nyuma yake mtu anamwomba anyamaze watoto wamelala. Kajitaja jina, la baba na la babu. Kasema anampa shehe uwakala wa kumuozesha dada yake Zuhura kwa Rashidi, kwa mahari tuliyokubaliana, na kwamba yeye ameridhika. Neno “nimeridhika” kalisema mara mbili.

Shehe kaisikiliza mara tatu. Akauliza nani anaijua sauti hii. Wanaume wawili wa jirani waliosoma naye wakasema wao. Mama akasema toka mlangoni, bila kuulizwa: “Miye nimemzaa. Akikohoa tu namjua.” Shehe kamwambia inatosha, mama, wapo mashahidi.

Kisha akamgeukia Baba Mdogo na kumuuliza kama naye anaijua. Nilikuwa nimeshika mfuniko wa sufuria mpaka vidole vikafa ganzi. Baba Mdogo kasema ndiyo, ni Shabani. Angeweza kusema hapana. Hakusema. Nimemsamehe nusu.

Nimeolewa saa nane na nusu. Shabani kafika saa mbili usiku, pilau imepoa, akala sahani mbili.

Jumatatu, 22 Septemba

Rashidi ameondoka asubuhi kuwahi vipindi. Mimi nimebaki Msimbu siku moja zaidi, kusaidia kuosha vyombo vya watu na kuvirudisha.

Shabani alikuwa uani anapasua kuni, amevua shati, mweupe mgongoni kwa miaka ya ndani ya ghala. Nilimletea maji. Tulikaa kwenye kigogo.

Nikamuuliza jambo lililonisumbua tangu juzi. Ukurasa ule una lugha sita. Yeye kazoea Kiingereza na Kiarabu cha kazini, na kwa Kiingereza wanauliza jina la mwisho, angeingia kwa dakika moja. Kwa nini alichagua Kiswahili?

Akanishangaa. Kasema alikiona, akamwonyesha jirani yake wa kiti, akamwambia haya maneno kayaandika dada yangu. Alipofika kwenye ukoo akajua nimeuliza ukoo kwa sababu nautaka. Ndiyo maana alikuwa anarudia kuuandika, akihisi amekosea herufi.

Nilinywa maji niliyomletea yeye. Sikumwambia kwamba lile neno si langu.